Mkono unakaza kwenye kinanda? Jifunze kuachia kwanza, spidi itakuja

Siku ukipata nafasi ya kukaa karibu na mpiga kinanda wa kwaya, iwe Mwanjelwa au Uyole mjini Mbeya, Tukuyu au hata ukienda mpaka Makambako na Iringa, usimwangalie vidole, mwangalie shingo na mabega. Pambio likianza taratibu yuko poa kabisa, likichanganya na kuingia kwenye sebene mabega yanapanda mpaka yanakaribia masikio, meno yanaumana, gumba linakakamaa, kidole cha mwisho kinasimama juu peke yake hakigusi kitu, afu ibada ikiisha anajinyoosha mkono anasema aisee vidole vyangu dhaifu, natakiwa nifanye mazoezi ya nguvu. Anaenda kununua kale kampira ka kuminya. Wiki ijayo mkono umekaza zaidi ya mwanzo.

Nguvu unazo tayari, hilo nikuhakikishie. Kii, yaani kile kibao unachobonyeza, ya piano ya kweli, ile ya mbao yenye nyundo na nyaya ndani, inazama kama milimita 10 tu na kuizamisha kunahitaji uzito wa kama gramu 50 hivi, hilo ni yai moja la kuku wa kienyeji, na hizi kibodi zetu za plastiki nyingi ni nyepesi kuliko hapo. Mtu anayebeba ndoo ya maji ya lita 20 hana udhaifu wa kushindwa kuzamisha yai. Shida iko kwingine: sauti inatoka wakati kii inashuka, ikishafika chini mchezo umeisha, hata ukiikandamiza mpaka stendi itikisike hiyo nota haibadiliki tena, lakini wengi wetu tunaendelea kukandamiza muda wote nota inalia, na kabla hujaachia vizuri umeshabonyeza nyingine, na nyingine, kwahiyo ukifika mwisho wa ubeti umebeba mizigo yote ya nota zilizopita.

Kwahiyo mwongozo huu wote unahusu kuachia. Kubonyeza kila mtu anajua.

Kabla ya kugusa kinanda fanya hiki. Shika mkono wako wa kulia kwa mkono wa kushoto, pale chini kidogo ya kiwiko upande wa ndani, afu chezesha vidole vya kulia hewani taratibu. Umesikia vitu vinacheza mle ndani? Hiyo ndo misuli inayokunja vidole, iko huko kwenye kigasha, kidole chenyewe kinavutwa tu na kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Ndio maana ukikaza unachoka kigasha, na ndio maana ukikunja kifundo sana, kiwe kimening'inia chini ya kinanda au kimepanda juu kama daraja, zile kano zinapita kwenye kona na kila kidole kinakuwa kizito. Kifundo kiwe karibu usawa na mgongo wa kiganja, lakini kisigande, kiruhusiwe kupanda na kushuka kidogo kidogo.

Sasa kukaa, maana hapa kwetu ndo balaa linapoanzia. Stendi ya X imewekwa kwenye tundu lolote lililokubali, kiti ni cha plastiki, na kiti cha plastiki kwa mtu wa kimo cha kawaida mara nyingi ni kifupi kwa kinanda, unajikuta viwiko viko chini ya kii na unapiga kama unapanda mlima. Unachotaka ni kiwiko kiwe usawa na kii nyeupe au juu yake kidogo sana. Chomeka kiti cha pili juu ya cha kwanza, utapata sentimita chache, bado haitoshi kunja kitenge weka juu. Au shusha stendi tundu moja. Kaa nusu ya mbele ya kiti usiegemee, nyayo zote mbili chini, na usogee umbali ambao viwiko viko mbele kidogo ya mbavu, visibanwe na mwili. Kama kwaya yenu mnapiga mkiwa mmesimama, kanuni ni ileile ya kiwiko, stendi ipande mpaka pale, sio uiname wewe mpaka mgongo ukome. Kwaya zingine stendi inawekwa chini ili mpigaji aonekane vizuri kwenye video. Waambieni mpiga video asogeze kamera.

Halafu kuna kipimo cha mkono mfu. Mwambie mwenzako aushike mkono wako kwenye kifundo aunyanyue juu, wewe usimsaidie, afu aachie ghafla bila kukwambia. Mkono ukianguka pajani puu, safi. Ukibaki unaelea hewani maana yake ulikuwa unaushikilia na wala hukujua. Wengi unaelea mara ya kwanza. Rudia mpaka uanguke, afu kumbuka huo uzito ulivyohisi, maana huo uzito ndo unatakiwa kuufikisha kwenye kii.

Zoezi lenyewe sasa, na hili ndo ningekuomba usiliruke hata kama mengine utaruka. Washa kinanda chagua sauti ya oganu, kwasababu oganu inaendelea kulia muda wote umeshikilia, piano inafifia yenyewe. Bonyeza nota moja kwa kidole cha kati, kwa nguvu zako zile za kawaida. Inalia. Sasa bila kuinua kidole punguza nguvu kidogo, bado inalia. Punguza tena. Punguza tena, taratibu sana, mpaka ufike sehemu kii inaanza kutaka kupanda na sauti inakatika. Pale kabla tu haijakatika, hapo ndo kiasi chote unachohitaji kushikilia nota. Linganisha na ulichokuwa unatumia mwanzo. Wengi hapa wanacheka. Fanya hivo kwa kila kidole, kulia na kushoto, na utaona kidole cha pete na cha mwisho ndo vinakandamiza kupita vyote kwasababu haviamini.

Wale waliojifunzia kwenye vile vinanda vya zamani vya kukanyaga pumzi kwa miguu wanalijua hili kimwili, kile hata ukipige ngumi hakitoi sauti kubwa, ukubwa wa sauti unatoka kwenye upepo wa miguu, kwahiyo wazee wale mikono yao ilitulia tu. Kibodi nyingi za bei nafuu nazo hazihisi mguso, ukipiga kwa hasira au kwa upole sauti ni ileile, unapoteza jasho bure. Ukitaka kusikika mwambie fundi mitambo apandishe.

Ukishaelewa hiyo, weka vidole vitano kwenye do re mi fa so, kuanzia C, gumba ni 1 mpaka kidole cha mwisho ni 5. Metronomu ya kinanda, ile inayogonga mapigo, iweke 60 kwa dakika, kila nota mapigo manne. Pigo la kwanza unabonyeza, la pili unapunguza mpaka kile kiwango cha oganu, la tatu unakagua bega, taya na gumba, la nne unajiandaa, afu unahamia kidole kinachofuata. Kule kuhama kuwe kama unavyotembea, uzito unatoka mguu huu unaingia mguu ule, hakuna anayetembea huku miguu yote miwili imekanyaga kwa nguvu. Vidole ambavyo havina zamu vinapumzika juu ya kii zao, vimegusa tu. Visiruke hewani! Kidole kikiinuka juu bila kazi kuna msuli unakiinua na kuna mwingine unavuta kidole cha pembeni kushuka, hapo ndo mkono unagombana wenyewe kwa wenyewe. Na ncha ya kidole isivunjike kuingia ndani, ikae imepinda kawaida, vile vidole vinavyokaa mkono ukining'inia pembeni ya mwili ukiwa unatembea, usitengeneze shepu nyingine yoyote.

Inaboa, najua. Lakini dakika tano za hivi kwa umakini zinakupa zaidi ya saa nzima ya kukimbiza skeli (ngazi ya nota) umekaza, kwasababu ukirudia kitu umekaza unachokariri ni kukaza.

Kidole cha pete kina kesi yake. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine vinyooke, afu jaribu kuinua cha pete. Hakiinuki, au kinanyanyuka kidogo mno. Ni maumbile, kano zinazoinua hivi vidole zimeungana huko mgongoni mwa kiganja, hata mabingwa wako hivohivo. Robert Schumann, yule mtunzi Mjerumani, alitaka kuwa mpiga piano mkubwa, mwanzoni mwa miaka ya 1830 mkono wake wa kulia ukaharibika akaachana na mambo ya jukwaani akabaki kutunga, na inasimuliwa sana kwamba alikuwa anatumia kifaa cha kulazimisha vidole, ingawa wanaoandika historia yake bado wanabishana chanzo. Sasa wewe ukimwona mtu mtandaoni anakufundisha kufunga vidole na rababendi ili cha pete kipate nguvu, pita. Cha pete unakisaidia kwa kuusogeza mkono mzima kidogo uelekee upande wake zamu yake inapofika, kifundo kinazunguka kama sentimita moja, basi, kidole kinajikuta kimeshabonyeza bila kuinuka juu.

Chopin, mtunzi na mpiga piano Mpolandi wa karne ya 19, alikuwa mwalimu wa piano pale Paris na yeye hakutaka vidole vyote vifanane, alisema kila kimoja kina umbo lake. Wanafunzi wake aliwaanzishia mkono kwenye E, halafu nyeusi tatu za F, G na A kali (sharp), kisha B. Jaribu uone. Vidole vitatu virefu vinakaa kwenye kii nyeusi zilizo juu na mbele, gumba na cha mwisho ambavyo ni vifupi vinabaki kwenye nyeupe, mkono unakaa wenyewe bila kulazimishwa. Kwahiyo skeli ya C ambayo sote tunaanzia, nyeupe tupu, ni rahisi kwa macho lakini kwa mkono ndo ngumu. Hapa nina ugomvi wangu wa siku nyingi na wapigaji wa transpozi, wale kila wimbo wanapiga C afu wanabonyeza kitufe ili kinanda chenyewe kihamishe sauti kwenda kii nyingine ya wimbo. Nawaelewa, mwimbishaji anabadilisha kii ya wimbo katikati ya ibada bila taarifa, ufanyeje. Ila mkono wako unaishi kwenye tambarare moja maisha yote na gumba halipati kujifunza kupita chini ya vidole virefu sehemu ambayo kupita ni rahisi. Nyumbani zima transpozi, piga wimbo mmoja unaoujua kwenye B au E au A fleti, taratibu.

Gumba sasa. Gumba linapiga kwa ubavu wake, ile kona ya karibu na ucha, sio kwa kulala lote juu ya kii. Kwenye skeli ya C mkono wa kulia ni 1 2 3 halafu 1 2 3 4 5, F ni 1 2 3 4 halafu 1 2 3 4. Kosa ninaloliona ni kwamba gumba linasubiri mpaka zamu yake ifike ndo linakurupuka kupita chini, kiwiko kinarushwa nje, bega linapanda, na nota ya gumba inatoka na kishindo kuliko zote. Lifundishe kuondoka mapema: likishamaliza C, wakati kidole cha 2 kinapiga D, gumba limeshaanza safari kuelekea F, na mkono mzima unateleza kwenda kulia polepole bila kusimama. Ukipiga spidi kubwa gumba hata halipiti chini sana, mkono unahama tu haraka, lakini hilo litakuja lenyewe. Piga 3 na 1 tu, E na F, mara nyingi taratibu mpaka zile nota mbili zifanane ukubwa kwa mtu aliyefumba macho, na hapo hakikisha kinanda chako kimewashwa ile sehemu ya kuhisi mguso kama kinayo, maana bila hiyo zitafanana hata ukikosea.

Kipimo kingine kinachonisaidia sana kwa wanakwaya: imba huku unapiga. Chukua wimbo wa sauti nne, piga zote, imba ile sauti ya tena (tenor). Ukishindwa kuiimba sio kwasababu huijui, ni kwamba umebana pumzi, na anayebana pumzi amebana na taya na shingo na mabega, yote yanakwenda pamoja. Ikifika sehemu sauti inakatika, weka alama ya penseli hapo. Ukirudi utakuta ndo palepale mkono huwa unakaza.

Tuje kwenye sebene maana najua wengi mmesoma mpaka hapa kwa ajili hiyo. Kinachoua mkono ni vitu viwili, mkono wa kulia kurudia chodi (nota kadhaa kwa pamoja) ileile haraharaka kwa kifundo kilichoganda, na mkono wa kushoto kupiga besi ya okteva, nota mbili za jina moja ya chini na ya juu, umetanua gumba na kidole cha mwisho muda wote bila kufunga. Kwa okteva, ukishapiga acha kiganja kijikunje kurudi saizi yake halafu kitanuke tena ikifika zamu, hata kama ni nusu sekunde, na ile ya kupokezana chini juu chini juu usiipige kwa vidole, geuza kigasha kulia na kushoto, ule mgeuko wa kiganja kutazama juu kisha chini, ila mdogo mno, vidole vyenyewe vinatulia. Na kama kuna mpiga gita la besi, jamani, mwachieni besi yake, wewe piga nota moja moja tu. Kwa chodi za kulia tumia mgeuzo ulio karibu, yaani nota zilezile za chodi kwa mpangilio mwingine, ukitoka C kwenda F usiuhamishe mkono wote, bakiza C palepale sogeza vidole viwili, na ndani ya chodi chagua nota moja ya kusikika juu, zile zingine ziguse tu. Mkono ukishuka mara moja upige chodi mbili au tatu kwa mdundo uleule, kushuka kwa ya kwanza na kupanda kwa ya mwisho, kuliko kushuka upya kila chodi.

Spidi yenyewe usiipandishe kwa kusukuma metronomu mbili mbili kila siku, kuna mahali utagota. Chukua nota nne tu za ile riff yako, kile kipande kifupi unachokirudia, zipige kwa spidi kamili, mara moja, kisha simama, dondosha mkono pajani. Tena. Zikitoka bila kukaza ongeza ziwe nane, afu unganisha mafungu. Ukiona fungu la nane linakaza rudi kwenye nne bila aibu. Na umeme ukikatika usifunge kinanda, endelea kupiga kikiwa kimezima, utahisi ambavyo sauti huwa inakuficha, zile kii unazozigonga mpaka stendi inalia tak tak.

Baridi nayo isidharauliwe. Mwezi wa sita na wa saba huku juu, ibada ya kwanza saa moja asubuhi, vidole haviko tayari kwa chochote, na kidole cha baridi kinajibu kwa kuchelewa kwahiyo wewe unakaza ili ukiwahishe. Tembea haraka kwenda kanisani, mikono kwapani au kwenye glavu mpaka dakika ya mwisho, kama kuna maji ya moto loweka mikono mpaka kwenye vigasha, na nyimbo za mwanzo chagueni za taratibu. Usivute vidole kuvialisha ukidhani unavilegeza. Vilevile ukitoka shamba kulima viazi, au umeshinda kwenye bodaboda, mkono umekumbatia mpini kutwa nzima na misuli ya kukunja imechoka na imefupika, usikae kwenye kinanda hapohapo ukaanza na okteva. Fungua viganja, tanua vidole taratibu, tikisa mikono chini, piga dakika kadhaa za oganu nilizosema. Nina mwanafunzi wa bodaboda, kifundo chake cha kulia kinakuja kimekunjwa kwa ajili ya kushika mafuta siku nzima, na huwa tunaanza na mkono wa kushoto peke yake mpaka wa kulia usahau pikipiki.

Kuhusu muda, huyohuyo Chopin aliwakataza wanafunzi wake kuzidisha saa tatu kwa siku. Wewe piga dakika ishirini, simama, zunguka, rudi. Uchovu wa kawaida kwenye kigasha unaisha ukipumzika. Maumivu ya kuchoma, ganzi kwenye vidole, kidole kinachojikunja chenyewe wakati hujakituma, hivo sio vya kuvumilia kwa maombi na kuendelea kupiga. Leon Fleisher, Mmarekani aliyekuwa juu kabisa, katikati ya miaka ya 1960 vidole viwili vya mkono wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe, akakaa miaka mingi anapiga nyimbo za mkono wa kushoto tu. Ukiona dalili hizo acha kupiga siku kadhaa, zikibaki au zikirudi nenda hospitali na umweleze daktari kwamba unapiga kinanda na ni saa ngapi kwa siku, maana usipomwambia atakuuliza kama unalima. Mwenyekiti wa kwaya atalalamika kidogo, kuna CD za ala tupu, na kuna wimbo wa sauti nne bila kinanda ambao waimbaji wenu wanauweza vizuri tu.